Mlango wa Haki kwa Mfanyakazi wa Kampuni

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kisumu)



Mimi si wakili. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, na kazi yangu ni ya reli. Nimeombwa niseme habari ya mahakama, nami nimekubali kwa sababu ujinga wangu ulimpotezea mtu haki yake.

Mke wa ndugu yangu alikuwa akikata samaki katika kiwanda kimoja, ambacho sitakitaja. Alipoonekana ana mimba, aliambiwa asirudi kazini. Akaja kwangu, kwani mimi ni mtu wa chama. Nikamwambia, "Shemeji, ngoja. Haki za Katiba ni za kudai Serikali. Hiki ni kiwanda cha mtu, na mtu na mali yake. Tuwaombe kwa upole." Tukaandika barua, tukangoja. Tukaandika nyingine, tukangoja tena. Siku nilipompeleka kwa mtu wa sheria, yule bwana alihesabu miezi, akaweka kalamu chini. Miaka 3 ilikuwa imepita, na wiki chache juu yake. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililoumia halikuwa langu.

Basi ndugu zangu, nilikosa mara mbili. Kosa la kwanza ni kudhani kampuni ya mtu haibanwi na haki za Katiba. Kosa la pili ni kudhani haki haina saa.

Nianze na la kwanza. Wazee wetu watakumbuka Mapatano ya Viwanda ya 1962, wakati Tom Mboya wa Rusinga alipokuwa Waziri wa Kazi. Baada yake, mwaka 1964, ikaja Mahakama ya Viwanda. Ilikuwa jambo kubwa, lakini ilikuwa mlango wa vyama na waajiri. Mfanyakazi mmoja hakuweza kuingia peke yake na shida yake. Na kwa muda mrefu ilisemwa ya kuwa haki zilizoandikwa katika Katiba zaelekea Serikali, siyo tajiri mwenye duka au kiwanda.

Hayo yamebadilika. Sheria ya Ajira ya 2007 yamkataza mwajiri yeyote kubagua kwa kabila, rangi, dini, mimba, ulemavu au virusi vya ukimwi. Tena, mfanyakazi akidai alibaguliwa, ni juu ya mwajiri kuonyesha ya kuwa hakubagua. Katiba ya 2010, Kifungu cha 20, yasema haki hizo zabana vyombo vya Serikali na watu wote, na Kifungu cha 260 chaeleza ya kuwa kampuni nayo huhesabiwa mtu. Kifungu cha 41 chatoa haki ya kutendewa sawasawa kazini.

Sasa, mlango ni upi? Katiba, Kifungu cha 162, iliamuru iwepo mahakama ya mambo ya kazi yenye cheo sawa na Mahakama Kuu. Ndiyo Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi, na hapa Kisumu ipo. Waajiri walijaribu kusema ya kuwa mahakama hiyo ni ya mishahara tu, na haki za Katiba ziende Mahakama Kuu. Mwaka 2012 chuo kikuu cha binafsi, USIU, kilipeleka hoja hiyo, na Jaji Majanja akaamua ya kuwa mahakama ya kazi yaweza kusikiza haki za Katiba zinazotokana na kazi. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ikasema vivyo hivyo katika kesi ya Mugendi na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwaka huo huo, mahakama ya kazi ilimhukumia mama mmoja fidia ya karibu shilingi milioni 7 kwa kubaguliwa kwa sababu ya virusi vya ukimwi. Aliyemwajiri hakuwa Serikali, ni chuo cha kanisa.

Hata kampuni ya ng'ambo haina pa kujificha. Meta, wenye Facebook, walisema mahakama za Kenya haziwezi kuwasikiza kwa kuwa hawakai hapa. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilikataa hoja yao, ikasema kesi za wafanyakazi ziendelee.

Ndugu zangu, wenzetu wa Marekani wana sheria ya 1964, lakini yawagusa waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi. Yetu haikuweka hesabu hiyo. Mwenye hoteli ya watumishi 3 pale Kondele, naye imo.

Nasema sasa la pili, ndilo la saa. Ukiachishwa kazi bila haki, una miezi 3 kupeleka malalamiko kwa Afisa wa Kazi. Huo si mlango wa lazima, waweza kwenda mahakamani moja kwa moja. Lakini dai la kazi lina miaka 3, na likipita, jaji hana ruhusa ya kukuongezea. Barua za kubembelezana na mwajiri hazisimamishi saa. Mwenye mshahara usiozidi shilingi 80,000 aweza kusikizwa na hakimu aliyepewa kazi hiyo tangu 2018, asingoje jaji.

Usikubali kuambiwa, "Huna mkataba wa maandishi." Kuandika ni wajibu wa mwajiri, na asipoandika, mzigo wa kuonyesha mlivyopatana ni wake. Wewe weka hati za mshahara, kadi ya kazi, na tarehe. Ukiitwa kushtakiwa, dai mwenzako wa kazi au mjumbe wa chama akae nawe. Sheria yakuruhusu.

Shemeji yangu leo auza omena Kibuye. Nilimwomba ruhusa ya kusema habari zake, akajibu, "Waambie wahesabu miezi." Basi nimewaambia.

Mwenye jambo asilale nalo. Afike ofisi ya chama wiki hiyo hiyo, na sisi wajumbe tusimwambie angoje.