Nani Anamteua Sheha?
Mhadhara wa umma kuhusu utawala wa Zanzibar, ukitazamwa kutoka Bagamoyo



Mwambao huu tulipokaa uliwahi kutawaliwa kutoka Unguja. Liwali wa Bagamoyo aliteuliwa na Sultani, ushuru wa forodha ulivuka bahari, na majumbe wa Kishomvi, ambao mji waliurithi kwa wazee wao, ilibidi wapatane na mtu aliyetumwa. Nikizungumzia serikali ya Zanzibar mbele yenu, basi, nazungumzia tawi la mti ambao sisi pia tuliota juu yake.

Tulitenganishwa kwa karatasi. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walimwachia Sultani ukanda wa maili 10 tu kutoka ufukweni. Aprili 1888 Sultani Khalifa akaikodisha sehemu yake ya kusini kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Agosti mwaka huohuo, wakala wa kampuni hiyo huko Pangani alitaka bendera ya kampuni ipandishwe. Liwali wa huko akakataa, na vita vya watu wa mwambao dhidi ya kampuni, vilivyoongozwa na Bushiri, vikaanzia hapo. Bushiri alinyongwa Desemba 1889. Mwaka uliofuata mambo yalimalizwa Ulaya: Ujerumani ikapewa kisiwa cha Heligoland kilichoko Bahari ya Kaskazini, Uingereza ikapata ulinzi juu ya Unguja na Pemba, na Sultani akalipwa mark milioni 4 kwa mwambao wetu pamoja na Mafia. Watu wa Chole, huko Mafia, hawakuulizwa. Wa Bagamoyo nao hawakuulizwa.

Leo Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, kama Bagamoyo. Heligoland ni halmashauri ndogo ndani ya wilaya moja ya kaskazini mwa Ujerumani. Unguja na Pemba, zenye watu wapatao milioni 1.9 kwa sensa ya 2022, zina Rais, Baraza la Wawakilishi, mahakama zao na katiba yao ya mwaka 1984. Tofauti hiyo haikuletwa na ukubwa wa kisiwa wala umbali wake na bara. Ililetwa na mikataba ya 1890, Mapinduzi ya Januari 1964 na Hati za Muungano za Aprili mwaka huohuo, zilizoorodhesha mambo 11 ya Muungano. Sasa yamefika 22.

Katika ngazi ya juu, kelele kuhusu Muungano huo hazijawahi kukoma. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema bungeni kwamba Zanzibar si nchi. Mwaka 2010 Wazanzibari wakaandika katika katiba yao kwamba ni nchi. Mabadiliko hayohayo, baada ya kura ya maoni ya Julai 31, yalileta Serikali ya Umoja wa Kitaifa: Makamu wa Kwanza wa Rais anatoka chama kilichoshika nafasi ya pili. Nauheshimu sana mpango huo, kwa sababu uliwakalisha mezani watu waliokuwa hawazikani. Lakini ulikuwa mpango wa wakubwa. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa na chama cha upinzani cha CUF kikasusia marudio ya Machi 2016, kiti cha Makamu wa Kwanza kilibaki kitupu hadi kiongozi wa upinzani Maalim Seif Sharif Hamad alipoapishwa Desemba 2020.

Mimi natazama chini, kwa sheha, msimamizi wa shehia, eneo la utawala la ngazi ya chini kabisa Zanzibar. Mzanzibari anayetaka kitambulisho cha ukaazi anaanzia kwake: fomu, maswali mawili matatu, sahihi, muhuri. Kijana aliyehamia kutoka shehia nyingine hana hakika kama ataambiwa "huyu namjua." Wakati wa kuandikisha wapiga kura sheha hukaa kituoni kuthibitisha nani mkaazi na nani si mkaazi, na ugomvi wa uchaguzi mara nyingi huanzia pale mlangoni, miezi mingi kabla ya kura. Mtu mwenye madaraka hayo hachaguliwi na anaowathibitisha. Anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, naye Mkuu wa Mkoa anateuliwa na Rais. Sheha wa zamani, enzi za Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa Unguja, angalau alikaa na watu wanne, wazee wa mji wenyewe, waliojua nasaba na mipaka ya mashamba. Huyu wa leo, hata akiwa mtu mwema, na wengi ni watu wema, anatazama juu kama alivyotazama liwali wetu.

Mtaniambia Bara nako si peponi. Ni kweli. Mwenyekiti wa kitongoji hapa Bagamoyo anapigiwa kura, lakini katika uchaguzi wa mitaa na vijiji wa 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao kuenguliwa kwa wingi, na uchaguzi usio na mshindani haumpi mwananchi kitu. Hata hivyo mwananchi wa Bagamoyo anadai haki ambayo tayari imeandikwa. Yule wa Mkoani kule Pemba au Nungwi kule Unguja hana hata pa kuishika.

Mjadala wa Muungano wa serikali mbili au tatu unahitaji Bunge la Dodoma, Baraza la Wawakilishi la Chukwani na pengine katiba mpya ya nchi nzima. Suala la sheha halimo katika orodha ya mambo ya Muungano. Wawakilishi wanaweza kubadili sheria ya tawala za mikoa katika mkutano mmoja wa Baraza, na wapiga kura wanaweza kuwauliza wagombea wao, jimbo kwa jimbo, kwa nini bado hawajafanya hivyo.