Twende Mjini Wawili, Turudi Wawili

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Ngarenaro, Arusha)



Leo hatutazungumza habari za mbolea wala za kuku. Tutazungumza habari za safari. Si safari ya mbali. Ni safari ya kushuka kutoka kijijini kuja Arusha mjini, nawe umemshika mtoto mkono.

Sisi tunaofanya kazi hapa Ngarenaro tunawaona mkiingia. Mmoja anatoka Ngarenanyuki, mwingine Oldonyosambu, mwingine Mbuguni au Monduli. Huyu anamleta mtoto hospitali. Yule anakuja kununua sare za shule. Mwingine anakwenda kumsalimu ndugu yake. Safari zote ni njema. Lakini zote zina sharti moja: mkienda wawili, mrudi wawili.

Mtatuuliza, "Kwani nani atamsahau mwanawe mjini?" Hakuna, ndugu zetu. Mtoto hapotei kwa kusahauliwa. Anapotea pale mzazi anapoachia mkono kidogo tu ili ahesabu chenji. Anapotea anaposimama kutazama midoli, na mama akaendelea na safari akidhani anafuatwa.

Kijijini jambo hilo halitutishi. Mtoto akipotea njia, mtu wa kwanza kumwona atamwuliza, "Wewe si wa mama fulani?" Atamrudisha. Uso wake unamtambulisha kwa baba, kwa babu na kwa ukoo. Mjini uso huo haumtambulishi kwa mtu. Basi yatupasa kumpa mtoto kitu kingine cha kumtambulisha. Kitu hicho ni maneno na maandishi. Na maandishi, ndugu zetu, sasa tunayo.

MTOTO AJUE KUJIELEZA

Mtoto mdogo akipotea huulizwa, "Mama yako anaitwa nani?" Hujibu, "Mama." Wengine hujibu, "Yeyo." "Baba yako je?" "Baba." "Kwenu ni wapi?" "Nyumbani." Amesema kweli, lakini nani atamsaidia kwa majibu hayo?

Basi siku chache kabla ya safari tumfundishe majina kamili: lake, la baba na la mama. Tumfundishe jina la kijiji na la kata. Tufanye kama mchezo jioni, wakati chakula kinaiva. Mtoto hupenda jina lenye maana. Mwambie kwamba kwa Kimasai Ngarenanyuki ni maji mekundu, na Ngarenaro ni maji meusi. Atakapojua maana, jina halitamtoka.

Kisha tuandike karatasi. Hapa ndipo kisomo kinapofanya kazi. Chukua kipande cha karatasi ngumu, uandike kwa herufi kubwa:

JINA LANGU NI ...
BABA AU MAMA YANGU NI ...
KIJIJI ... KATA ... WILAYA ...
SIMU YA MZAZI ...
SIMU YA JIRANI AU YA MWENYEJI WETU MJINI ...

Andika namba mbili, maana simu yako inaweza kuzimika au kuibwa. Karatasi ifunge kwenye nailoni isilowe. Iweke mfuko wa ndani wa nguo ya mtoto. Usiitundike shingoni wala usiandike jina mgongoni. Kwa nini? Mtu mbaya akilisoma ataliita, na mtoto akisikia jina lake atadhani huyo anamfahamu. Nawe andika namba hizo hizo katika daftari lako. Usitegemee simu peke yake.

ASUBUHI YA SAFARI

Mtazame mtoto vizuri kabla hamjaondoka. Amevaa shati la rangi gani? Viatu gani? Ukiulizwa mchana na moyo unadunda, utakuwa umesahau.

Mvike sweta. Mwezi wa Juni na wa Julai Arusha kuna baridi kali asubuhi. Chukua maji yaliyochemshwa, viazi au ndizi mbivu. Mtoto mwenye njaa husumbua, na mzazi anayesumbuliwa huachia mkono. Beba sarafu kidogo kwa ajili ya choo cha kulipia, na umsindikize mtoto hadi mlangoni. Usimtume peke yake.

Kama mnakwenda hospitali, usiache kadi ya kliniki ya mtoto. Kama zahanati ya kijiji imewapa barua ya rufaa, beba barua hiyo. Bila maandishi hayo daktari ataanza kuuliza upya mambo ambayo tayari yamekwisha kuandikwa.

STENDI NA BARABARANI

Mkifika stendi mtapokewa na wapiga debe. Huyu atavuta mzigo, yule atakuvuta wewe. Watu wawili wakikuvuta huku na huku, mkono wa mtoto utaponyoka. Basi shikilia mtoto kwanza, mzigo baadaye. Mzigo hununuliwa mwingine.

Usipande gari kwa sababu mtu amepiga kelele. Soma. Kifodi kimeandikwa njia yake. Ukipewa tiketi, isome kabla hujaondoka dirishani: tarehe, saa, mahali uendako na kiasi ulicholipa. Usione haya kusimama na kusoma taratibu. Anayekuharakisha usisome, huyo ndiye wa kumwogopa. Haraka haraka haina baraka.

Kuvuka barabara ni somo jingine. Barabara ya Sokoine ina magari, bajaji na pikipiki kutoka asubuhi hadi usiku. Katika nchi yetu magari hupita upande wa kushoto. Kwa hiyo gari lililo karibu nawe litatokea kulia kwako. Tazama kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Vukeni penye mistari myeupe, na hata hapo msivuke mpaka gari limesimama kweli. Pikipiki nyingine hupenya hata pale gari liliposimama. Mtoto mshike kwenye kiganja chote, si kidole kimoja.

MLIMA NA MNARA

Mgeni hupotea kwa sababu mitaa yote humwonekea sawa. Lakini Arusha tunayo alama moja kubwa, Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500. Mlima huo uko kaskazini ya mji. Ukiutazama, mgongo wako umeelekea kusini. Mito ya Themi na Naura nayo hushuka kutoka upande huo wa mlima. Siku ya mawingu mlima hujificha, kwa hiyo chagueni pia alama za chini.

Mnara wa Saa upo katikati ya mji. Mwonyeshe mtoto, mwambie: "Tukipoteana karibu na hapa, simama chini ya mnara huu, usivuke barabara." Kaloleni kuna Makumbusho ya Azimio, katika ukumbi ambamo viongozi wa TANU walikutana Januari 1967 na kupitisha Azimio la Arusha. Mkipata nafasi, uliza kiingilio, muingie. Upo pia mjini ule mjengo wa zamani wa Wajerumani, Boma, ambao sasa ni makumbusho ya viumbe na mambo ya kale. Mtoto aliyeonyeshwa vitu na kuelezwa hukaa karibu na anayemweleza. Mtoto anayeburutwa tu kutoka duka hadi duka ndiye anayetoroka.

AKIPOTEA

Mtoto afundishwe mambo mawili. Kwanza, asimame pale pale. Wote wawili wakitembea hawatakutana. Pili, amwendee mama mwenye watoto, au mwenye duka aliye ndani ya duka lake, au askari aliyevaa sare.

Hapo tuna neno kwenu wazazi. Acheni kuwatisha watoto kwa kusema, "Nyamaza, nitakupeleka polisi!" Siku akipotea, akimwona askari atakimbia.

Nawe mzazi, rudi pale mlipoonana mara ya mwisho. Kama mko watu wazima wawili, mmoja abaki hapo. Waambie wauzaji wa karibu umri wa mtoto na nguo alizovaa. Nenda ofisi ya soko au ya stendi, uombe watangaze. Kisha nenda polisi bila kungoja jioni. Uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Unaweza pia kupiga simu namba 112 ya polisi, au 116 ya huduma kwa mtoto, ambayo hupigwa bure. Mwenyekiti wa mtaa naye ni msaada, maana anawajua watu wake.

"NIACHIE HUYU MTOTO"

Lipo jambo jingine, na hili ni zito kuliko soko. Kuna kupotea kwa mtoto ambako mzazi mwenyewe anakubali.

Mmefika kwa mwenyeji. Mmekula. Anamtazama binti yako wa miaka kumi na moja, anasema, "Dada, niachie huyu. Atasoma huku mjini, atanisaidia kazi ndogo ndogo." Maneno ni matamu. Lakini tujiulize. Ni nani ataamka kwanza katika nyumba hiyo, na ni nani atalala mwisho? Amekwisha kutafutiwa shule, au atatafutiwa "baadaye"? Ukimpigia simu, atazungumza nawe peke yake?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18, na inakataza kumtumikisha kazi za kumdhuru. Na shule za msingi za serikali hazidai ada, mjini na kijijini. Basi hakuna sababu ya kumlipia mtoto shule kwa jasho lake jikoni kwa watu.

Hatusemi ndugu wote ni wabaya. Wako waliowalea watoto wa wenzao wakawa watu. Ila jambo hilo haliamuliwi siku hiyo hiyo, mezani, mtoto akiwa anasikiliza na gari linangoja. Sema kwa heshima, "Ahsante, dada. Ngoja tukazungumze nyumbani na baba yake." Rudi na mtoto. Zungumzeni. Mwulizeni na mtoto mwenyewe. Na mtu usiyemjua akikuomba mtoto stendi au sokoni, hilo si la kuzungumza. Jibu ni hapana.

Ndugu zetu, mlipoanza kisomo wapo waliowacheka: "Mtu mzima na kalamu, kwa kazi gani?" Kazi ndiyo hii. Wiki hii kila mmoja wetu aandike karatasi ya mtoto wake, amsomee, naye mtoto airudie kwa mdomo. Asiyekuwa na mtoto amwandikie jirani ambaye bado hajajua kuandika. Safari ikifika, itakuwa tayari.

Tunawatakia safari njema ya kuja, na njema zaidi ya kurudi.