Siku 84 za Mama, Siku 3 za Baba



Ingia wodi yoyote asubuhi, wakati wa raundi. Daktari mwanamke amesimama kando ya kitanda, koti jeupe mwilini, faili mkononi. Amempima mgonjwa, amemweleza ugonjwa wake, ameandika dawa. Anapogeuka kuondoka, mgonjwa anamwuliza: "Sista, dokta atapita saa ngapi?" Macho yamekwenda kwa kijana wa kiume aliyesimama nyuma, ambaye bado ni mwanafunzi.

Mgonjwa tumsamehe, ameumwa usiku kucha. Leo nataka kuzungumza na mwajiri.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba wanawake ni takriban asilimia 70 ya wafanyakazi wote wa afya duniani, lakini kwenye nafasi za juu za uongozi wana asilimia 25 tu. Wengi wanafanya kazi, wachache wanaamua.

Kwa nini? Tupige hesabu. Binti anaingia chuo cha udaktari akiwa na miaka 20. Shahada miaka 5, mafunzo kwa vitendo mwaka 1. Ana miaka 26. Anaajiriwa, anafanya kazi miaka miwili au mitatu, ndipo anatafuta ruhusa na mfadhili akasomee ubingwa. Huo ni miaka 3 au 4. Akitaka ubingwa bobezi, aongeze mingine. Kwa hiyo ngazi zote za maana ziko kati ya miaka 28 na 36. Na ndiyo miaka hiyohiyo mama mkwe anapoanza kuulizia mjukuu.

Sasa ongeza sheria. Hapa Tanzania, Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua pacha. Baba anapewa angalau siku 3. Siku 84 ni haki ya mama, na wala hazitoshi. Lakini tofauti hiyo inamfundisha bosi jambo moja: mtoto akizaliwa, anayekosekana kazini ni mwanamke.

Mganga mfawidhi ana nafasi moja ya kumpeleka daktari masomoni na majina mawili mezani, la kike na la kiume. Kimoyomoyo anajiuliza: huyu akishika mimba katikati ya masomo, itakuwaje? Hatamki hivyo. Anasema kwa upole, "Dokta, wewe subiri mwakani." Mwakani inafika na mtoto mwingine, na aliyetangulia masomoni anakaribia kurudi bingwa. Ukuu wa idara ukitangazwa, nani mwenye sifa?

Mwaka 2018 ilibainika kwamba chuo kikuu cha udaktari mjini Tokyo, Japani, kwa miaka mingi kilikuwa kinapunguza kwa siri alama za wasichana kwenye mtihani wa kujiunga. Sababu iliyotajwa ni kwamba wanawake huacha kazi wakizaa. Dunia ilishangaa. Kwetu hakuna haja ya kukata alama, "mwakani" inatosha.

Najua utanijibu: mbona Profesa Tumaini Nagu alikuwa Mganga Mkuu wa Serikali, na Dokta Grace Magembe akampokea? Mbona Profesa Esther Mwaikambo na wenzake walianzisha chama cha madaktari wanawake, MEWATA, tangu 1987? Kweli, na tunajivunia. Lakini uteuzi wa ngazi hiyo hutoka Ikulu. Nafasi ya kusoma, zamu na ukuu wa idara hugawiwa huku chini, ofisini, mlango ukiwa umefungwa.

Basi tuufungue. Kila hospitali ibandike kwenye ubao vigezo vya kupeleka madaktari masomoni, na orodha ya walioomba na waliopata. Daktari akijifungua akiwa masomoni, asimamishe masomo na kuyarudia alipoyaachia, ufadhili wake ukimngoja. Hospitali kubwa ziwe na mahali pa kulelea watoto, na pawe wazi usiku pia, maana zamu ya usiku haifungwi saa kumi jioni.

Na baba aongezewe likizo, tena iwe ya lazima. Wapo watakaolalamika kwamba hospitali hazina watu. Hazina kweli, ndiyo maana ni hasara kumsomesha daktari miaka 5 kisha kumwacha palepale ulipomkuta. Mwajiri akijua kwamba yeyote atakayemchagua, mume au mke, mtoto akizaliwa ataaga wodi kwa muda, basi mwajiri huyo ataacha kupima matumbo ya watu na kuanza kupima kazi zao.