Si floraidi ya Meru

Msikilizaji wa redio huko Terrat akisikia kwamba wanasayansi wanachunguza kama kemikali zenye florini huharibu DNA, atawaza kwanza maji yake. Asichanganye mambo. Floraidi inayotia meno rangi ya kahawia kuzunguka Mlima Meru hutoka kwenye miamba ya volkano, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikiipunguza kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Zinazotajwa leo ni PFAS, kemikali za kiwandani: zimo kwenye povu la kuzimia moto wa mafuta, vikaango visivyogandisha, hata nguo zisizolowa. Haziozi, na kuchemsha maji hakuziondoi.

Kipimo kimojawapo cha uharibifu wa DNA ni hiki: seli huwekwa kwenye jeli, hupasuliwa, kisha hupitishiwa umeme. DNA iliyokatika huburutwa na kuacha mkia kama wa nyotamkia. Majibu ya PFAS yametofautiana, na watengenezaji wangependa tuishie hapo. Tusiishie. Desemba 2023, IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lilitangaza kuiweka PFOA, mojawapo ya PFAS, kundi la 1, la visababishi vya saratani kwa binadamu, likitaja namna inavyovuruga utendaji wa jeni na kudhoofisha kinga. Yaani DNA yaweza isikatike, na mwili bado ukaumia.

Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Stockholm wa kudhibiti kemikali sumu zisizooza, ulioiorodhesha PFOA mwaka 2019. Wanaopima floraidi katika maji ya Arusha waongezewe uwezo wa kupima na PFAS.