Nani Akopeshwe Kwanza? Vipaumbele vya Mikopo ya Umma kwa Miradi ya Ubora wa Maji



Mada niliyopewa inahusu namna fedha za mikopo ya umma zinavyogawiwa miradi ya ubora wa maji. Nimechukua mfano wa Marekani kwa sababu mfumo wao umedumu vya kutosha kupimwa kwa matokeo yake, na kila jimbo hulazimika kuiweka hadharani orodha yake ya vipaumbele vya miradi. Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba orodha ya vipaumbele hupanga miradi iliyofika mezani tu. Mara nyingi wenye shida kubwa kuliko wote hawafiki mezani.

Chini ya Sheria ya Maji Safi ya mwaka 1972, serikali kuu ya Marekani ilikuwa ikiipa miji ruzuku ya kujenga mitambo ya kusafisha majitaka. Mwaka 1987 utaratibu ukabadilishwa, kila jimbo likawa na mfuko wa mzunguko. Shirika la kulinda mazingira, EPA, hutoa mtaji, jimbo huongeza kiasi kisichopungua asilimia 20 ya mtaji huo, na miji hukopa kwa riba iliyo chini ya soko, pengine bila riba kabisa. Marejesho ya mji mmoja huwa mkopo wa mji mwingine. Kwa njia hiyo mifuko ya majitaka imekwisha kutoa zaidi ya dola bilioni 150. Mwaka 1996 ukaongezwa mfuko wa pili, wa maji ya kunywa.

Kila mwaka jimbo huandaa mpango wa matumizi, huutangaza ili wananchi watoe maoni, na miradi hupangwa kwa alama. Kwa maji ya kunywa, sheria yenyewe imetaja kinachotakiwa kutangulia: hatari kubwa zaidi kwa afya ya watu, kisha miradi ya lazima ili mtoa huduma afikie viwango, kisha mifumo ambayo kaya zake zinaelemewa zaidi na gharama. Kwa majitaka, majimbo yana uhuru mpana zaidi. Jimbo moja laweza kutoa alama nyingi kwa mradi unaookoa mto uliotangazwa kuwa umechafuka, jingine kwa mji uliopewa amri ya kurekebisha mtambo wake, jingine kwa miji midogo inayokubali kutumia mtambo mmoja. Tofauti hizo za alama tano hapa na kumi pale ndizo sera halisi. Hotuba za mawaziri hazina uzito huo.

Baada ya alama kuna utayari. Sheria inataka fedha zitumike mapema, na jambo hilo ni la haki, kwa kuwa fedha iliyolala benki haisafishi maji ya mtu. Basi mradi wa juu kwenye orodha ukikosa michoro, vibali au uhakika wa marejesho, hurukwa na wa chini yake huchukua nafasi. Lakini tujiulize ni nani huwa tayari. Ni mji wenye mhandisi wake wa kuajiriwa, mshauri anayeijua fomu, na wateja wengi ambao ankara zao zinatosha kulipa deni. Mamlaka yenye wateja mia tatu na karani mmoja wa nusu siku haina hata mtu wa kuijaza hiyo fomu.

Na kwa mfano wa wasiofika mezani kabisa, tazameni Kaunti ya Lowndes, jimbo la Alabama. Udongo wa huko ni wa mfinyanzi mzito usiopitisha maji, hivyo mfumo wa kawaida wa shimo na mifereji ya kunyonyea hujaa na kurudisha uchafu ndani, wakati mwingine hadi kwenye bafu. Mfumo unaofaa udongo huo hugharimu maelfu ya dola ambayo familia nyingi hazina. Baadhi ya nyumba zimebaki na bomba la plastiki linalotoka chooni, kupita chini ya ukuta na kumwaga kila kitu uani, mahali watoto wanapocheza. Mwaka 2017 watafiti waliripoti kukuta huko dalili za minyoo ya safura. Haya yamo ndani ya nchi tajiri yenye mfuko wa mikopo uliotimiza miaka thelathini wakati huo.

Tangu 2014 sheria ya shirikisho inaruhusu wazi mfuko wa majitaka kusaidia mifumo ya nyumba moja moja. Hata hivyo, Machi 2023 mashirika ya kiraia yalipeleka malalamiko kwa EPA kwamba kanuni za Alabama zinawafungia nje watu wasiounganishwa na mtandao wa mabomba, na Oktoba mwaka huo EPA ikaanza uchunguzi. Kiini cha malalamiko kilikuwa sifa za mkopaji. Familia ya Lowndes haikushindwa kwa alama. Haikuwahi kuhesabiwa kuwa mradi.

Sheria ya miundombinu ya 2021 ilijaribu kurekebisha. Iliongeza dola bilioni 11.7 kwa kila mmoja wa mifuko miwili, na kuagiza asilimia 49 ya nyongeza hiyo itolewe kama ruzuku au mkopo unaosamehewa. Mimi naiona hatua hiyo kuwa njema, ila msamaha humfikia aliyeomba. Kilichonivutia zaidi ni kifungu kidogo kinachoruhusu hadi asilimia 2 ya mtaji wa mfuko wa majitaka itumike kuzipa jamii ndogo msaada wa kitaalamu. Mfuko wa maji ya kunywa ulikuwa tayari umeruhusu hadi asilimia 31 ya mtaji wa shirikisho kutengewa kazi zisizo za ujenzi, ikiwemo kuandaa maombi na kufundisha waendeshaji.

Jambo hili linatugusa hata sisi Tanzania. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilitafuta shilingi bilioni 53.12 kwa hatifungani ya kijani, yaani kwa kukopa kwa wawekezaji sokoni kwa ajili ya miradi ya mazingira, na ikafanikiwa. Tanga ina hesabu zilizokaguliwa na wateja wanaolipa. Mji mdogo wa wilaya wenye mita chache hauwezi kupita njia hiyo, na utautegemea mfuko wa umma. Kwa hiyo wanaoandika fomu za alama nawaomba mambo mawili. Upembuzi na usanifu wa jamii ndogo ugharimiwe na mfuko kabla ya siku ya kushindanisha maombi. Na kwa kila mradi unaorukwa kwa kukosa utayari, iandikwe hadharani ni nini kilichokosekana, nani amepewa kazi ya kukikamilisha, na lini.