Mwandishi na Hesabu za Umma



Cheo ni dhamana. Kila mtumishi anayajua maneno hayo. Lakini dhamana isiyokaguliwa hugeuka kuwa mali ya yule anayeishika. Ndiyo sababu kazi ya Ndugu Carlos Cardoso, mwandishi wa Msumbiji, inastahili kuzungumzwa.

Cardoso alizaliwa Beira mwaka 1951. Mwaka 1975 makaburu walimfukuza Afrika Kusini, alikokuwa akisoma, kwa kupinga ubaguzi wa rangi. Akarudi kuyatumikia Mapinduzi, na tangu 1980 hadi 1989 aliongoza Shirika la Habari la Msumbiji. Hata hivyo hakuwa mtu wa kuitikia tu. Mwaka 1982 aliwekwa ndani siku sita kwa sababu ya makala juu ya vita. Alipotoka aliendelea na kazi ile ile. Basi asije mtu akasema kwamba mwenye kuuliza ni adui wa nchi.

Mwaka 1992 yeye na wenzake waliunda ushirika wa waandishi, na gazeti lao, Mediafax, likapelekwa kwa wasomaji kwa faksi. Mwaka 1997 akaanzisha lake, akaliita Metical, yaani jina la fedha ya Msumbiji. Jina lilifaa, maana swali lake kubwa lilikuwa moja: fedha ya wananchi imekwenda wapi?

Mwaka 1996, Banco Comercial de Moçambique ilipokaribia kubinafsishwa, iliibiwa fedha zenye thamani ya dola milioni 14 hivi. Hapakuvunjwa mlango. Akaunti zilifunguliwa katika tawi moja, hundi zisizo na fedha zikawekwa humo, na mkuu wa tawi akashiriki. Miaka ikapita pasipo kesi. Cardoso hakuchoka kuuliza kwa nini jalada limelala. Tarehe 22 Novemba 2000 alipigwa risasi akafa, katika barabara ya Maputo.

Wauaji walidhani wamelifunga jalada. Kumbe kesi ya mauaji ilisikilizwa hadharani, ndani ya hema gerezani Maputo, wananchi wakiifuata kwa redio na televisheni. Januari 2003 watu sita walitiwa hatiani, na mmoja wao ni yule aliyekuwa mkuu wa tawi. Kesi ya wizi wenyewe ikahukumiwa mwaka 2004, miaka minane baada ya fedha kutoweka.

Mafunzo ni wazi. Wizi ule ulifanywa kwa kalamu, na wenye kalamu ni watumishi. Mwandishi hana ufunguo wa kabati la ofisi. Hutegemea hesabu zilizowekwa na wengine. Karani anayeandika stakabadhi ya kweli, na mwalimu mkuu anayebandika ukutani mapato na matumizi ya shule, hao ndio wakaguzi wa kwanza wa Taifa. Kama kila ofisi ingelijibu swali la Cardoso kwa wakati wake, asingelazimika mtu kulilipia kwa maisha yake.