Njia Mpya na Shamba la Mtu Aliyekimbia

 

Leo tuseme juu ya jambo ambalo linaanza na vijiti. Unaamka asubuhi, unakuta vijiti vimepigwa katikati ya mihogo yako, kichwa cha kila kijiti kimepakwa rangi nyekundu. Hakuna mtu aliyepiga hodi. Jirani anasema aliona watu watatu wenye kofia, na chombo kinachosimama kwa miguu mitatu. Jioni kijiji chote kinajua kwamba njia mpya ya lami itapita hapa. Kesho yake kijiji kimegawanyika. Vijana wanafurahi, maana watapata kazi ya mikono. Wenye shamba kati ya vijiti hawalali. Na mama mwenye kibanda kwenye kona ya njia ya zamani anahesabu kimoyomoyo: kama njia itakata moja kwa moja nyuma ya kilima, nani atapita tena mbele yangu kununua mikate na ndizi?

Mtu asiseme kwamba mimi ni adui wa njia. Nimekulia mahali ambapo mgonjwa alibebwa kwa kipoyi, watu wanapokezana mabega, mpaka kufika penye motokari. Nimeona magunia ya mihogo yakioza kando ya matope huku mjini watu wanatafuta unga. Njia tunaitaka. Lakini wazee wetu wana sababu ya kuogopa. Wakati wa Wabeljiji, vijiji vingi vilihamishwa kutoka milimani na mabondeni, vikapangwa kando ya njia ili watu wahesabiwe, walipe kodi na kuitengeneza njia hiyo. Wakati wa Mobutu ikaja salongo. Kwa hiyo mzee akiona kijiti chekundu, anakumbuka fimbo kabla ya kufikiri juu ya motokari.

Na mambo haya hayako mbali nasi. Mwaka 2021 serikali ya Kongo na ile ya Uganda zilipatana kutengeneza kilomita 223 katika Kivu ya Kaskazini: Kasindi hadi Beni, Beni hadi Butembo, na Bunagana hadi Goma kwa kupitia Rutshuru. Kabla ya hapo kulikuwa na kazi ya njia ya Bukavu–Goma, ile inayofuata ziwa kwa Kavumu, Katana, Kalehe, Nyabibwe, Minova na Sake. Wewe unayenisikiliza unajua ni watu wangapi wamekimbia kutoka sehemu hizo, wakarudi, wakakimbia tena. Hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Vijiti vikipigwa katika shamba lako nawe hauko, nani atasema kwamba shamba ni lako?

Kwanza tuitazame sheria, maana wengi wanaambiwa: «Udongo ni wa Leta, nyamaza.» Ni kweli, sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilisema udongo ni mali ya serikali. Kuhusu mashamba tunayolima kwa desturi, sheria hiyo iliahidi kwamba amri ya Rais itakuja kuyapanga, na miaka makumi ikapita bila amri hiyo kutolewa. Lakini Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 34, inalinda mali ya mtu mmoja au ya jamii, iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Sikia vizuri: au kwa desturi. Na inasema hakuna mtu atakayenyang'anywa mali yake isipokuwa kwa faida ya wote, na kwa malipo ya haki yanayotangulia. Yanayotangulia, maana yake pesa kwanza, tingatinga baadaye.

Namna ya kuchukua ardhi imeandikwa katika sheria namba 77-001 ya tarehe 22 Februari 1977. Uamuzi unatangazwa katika gazeti rasmi la serikali, na mwenye haki anapelekewa barua ambayo anasaini kwamba ameipokea. Ikiwa ni ardhi ambayo jamii inaitumia pamoja, wakaaji wanaambiwa pia kwa mdomo kupitia wajumbe wao, na maneno hayo yanaandikwa katika P.V. Toka siku hiyo unao mwezi mmoja wa kupeleka malalamiko yako. Msipopatana juu ya bei, mwenye kuamua ni tribinali. Na pesa iliyoamuliwa isipolipwa ndani ya miezi minne baada ya hukumu, unaweza kuomba uamuzi wa kuchukua ardhi yako ufutwe.

Mwezi mmoja! Kwa mtu aliye nyumbani, mwezi ni mfupi. Kwa mtu anayelala katika darasa la shule umbali wa siku mbili, mwezi unaweza kupita kabla hata ya habari kumfikia.

Niwaambie jambo lililotokea katika ukoo wa mama yangu. Nilikuwa nimemaliza masomo ya sheria, nikarudi kijijini na diploma yangu, nikidhani nina dawa ya kila ugonjwa. Njia ilikuwa inapanuliwa. Wahesabuji walikuja kwa siku mbili tu, wakati nusu ya familia zilikuwa zimekimbia ng'ambo ya milima. Shamba la mjomba wangu likaandikwa kwa jina la jirani. Na jirani huyo hakuwa mwizi. Mjomba mwenyewe alimwachia alitunze, naye alililima miaka mitatu, akapanda maharagwe na mihogo yake humo. Aliulizwa, «Nani analima hapa?» Akajibu, «Mimi.» Hakudanganya. Mjomba aliporudi, pesa ilikuwa imekwisha kulipia masomo ya watoto wa jirani. Watu wawili waliokuwa wakinywa pamoja wakaanza kutafutana na panga.

Nilikuja na vifungu vya sheria, wakanisikiliza kwa heshima, halafu wakaendelea kugombana. Walioponyesha jambo ni mama wazee wawili waliokumbuka ni nani aliyepanda miti ya avoka kwenye mpaka. Jirani alikubali kwamba udongo na miti si vyake. Mjomba alikubali kwamba mihogo haikuwa yake. Deni likalipwa kwa mbuzi, polepole, muda mrefu. Nilijifunza siku ile kwamba kosa lilikuwa katika karatasi. Ilikuwa na nafasi ya jina moja tu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, msingoje karatasi ya watu wa njia. Andikeni yenu, hata katika daftari la mtoto wa shule. Kwa kila shamba ambalo vijiti vimepita, andikeni majina ya aina mbili: mwenye udongo, na mwenye mazao yaliyomo sasa. Mara nyingine ni mtu mmoja, mara nyingi siyo. Kisha andikeni tena jambo la tatu: mwenyewe yuko wapi leo. Yuko hapa, amekimbilia mji fulani, hajulikani alipo. Miti ihesabiwe mmoja mmoja, migomba, kahawa, avoka, na makaburi yatajwe. Orodha isomwe kwa sauti mbele ya watu wote, siku ya soko au baada ya misa na ibada, wala si ndani ya nyumba ya mtu mmoja. Atakayepinga apinge mchana, wote wakisikia. Fotokopi moja ibaki kwa chefu, moja kwa kanisa au shule, moja ipelekwe mahali waliko waliokimbia.

Wewe uliyekimbia una kazi yako pia. Kama karti yako ya uchaguzi imepotea, tafuta watu wawili wa kijiji chako hapo ulipo, wataje mipaka ya shamba lako na majirani wa kila upande, waandike na kusaini. Tuma karatasi hiyo kwa mtu unayemwamini. Na usitume neno la vita kwa anayelitunza shamba lako. Mwambie: mazao ni yako, udongo ni wangu, tuandike hivyo.

Sasa ninyi, bwana chefu na wanotable. Wapimaji wakija, mtaitwa kuwa wa kwanza, na pengine mtapewa bia. Sina neno juu ya bia. Neno langu ni juu ya muhuri. Usiweke muhuri kwenye orodha ambayo kijiji hakijasikia. Siku pesa itakapogombaniwa, wenye kofia watakuwa wamekwenda kupima njia nyingine, na ni mlango wako utakaopigwa usiku.

Na msiseme juu ya pesa tu. Ulizeni kwa nini njia haifuati ile ya zamani. Mara nyingi kuna sababu ya kweli: lori lenye mzigo haliwezi kupanda mteremko mkali wala kugeuka katika kona fupi, hivyo injinia anatafuta mahali panapolala vizuri. Lakini injinia hajui kwamba chini ya kijiti namba fulani kuna chemchemi inayonywesha vijiji viwili. Mwonyesheni. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inadai kazi kubwa kama hii ichunguzwe kwanza madhara yake, na wakaaji waulizwe hadharani. Huo ndio wakati wa kusema, maana mstari ungali kwenye karatasi.

Ulizeni hasa maji yatatupwa wapi. Katika milima yetu, mfereji wa njia unakusanya mvua ya kilima kizima na kuitupa mahali pamoja. Baada ya misimu michache ya mvua, pana korongo linalokula shamba la mtu ambaye hakuwahi kuona kijiti kwake wala kulipwa kitu. Kwa hiyo wewe unayelima chini ya njia, jambo hili ni lako pia. Nenda kwenye mkutano.

Mtu atasema: nani atatusikiliza sisi? Tuitazame ile njia ya Bukavu–Goma. Pesa ilitoka Benki ya Dunia. Mwezi wa Agosti 2017 wakaaji wa kando ya njia walipeleka malalamiko kwa jopo la ukaguzi la Benki hiyo: machimbo ya mawe yaliyochukuliwa bila malipo yanayofaa, askari waliotumiwa kutisha watu, na jeuri waliyofanyiwa wanawake na wasichana. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Benki ikasimamisha malipo ya kazi za ujenzi.  Waliandika.

Kabla sijaaga, nina barua ya mama mmoja aliyekimbia. Anasema mume wake alikufa, na shemeji amemwambia: «Pesa ya njia nitaipokea mimi, wewe ulikuja kuolewa tu.» Mama, kitabu cha sheria ya jamaa cha mwaka 1987 kinaweka watoto wa marehemu mbele ya wote. Wao wanachukua sehemu tatu kwa nne za mali yake. Katika sehemu inayobaki, mjane ana fungu lake, wazazi wana lao, ndugu wana lao. Shemeji ana haki ya kuulizwa na ya kupata kidogo, lakini hana haki ya kuwapita watoto. Tena mihogo uliyoipanda kwa mkono wako baada ya kifo si mali ya marehemu. Iandikwe kwa jina lako. Nenda na mzee mmoja wa ukoo wa mume wako anayekuheshimu, si peke yako, muombe chefu aandike majina ya watoto wote kwenye orodha, hata yule aliye mgongoni.

Kuna barua nyingine mbili juu ya makaburi. Hizo nitazijibu juma lijalo, saa ile ile. Jioni njema.